Laki tano na sebule moja: namna ya kupata muziki mzuri nyumbani

Boksi la sabufa dukani linajitangaza kwa maandishi makubwa: 12,000 W. Igeuze nyuma, usome kibandiko kidogo kilicho karibu na waya wa umeme. Utakuta kitu kama 230 V, 50 Hz, 60 W. Kibandiko hicho ndicho kinachosema kweli. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 12,000 kwenye spika. Hata soketi yenyewe, kwa plagi ya ampea 13, inaishia karibu wati 3,000. Hizo elfu kumi na mbili huitwa PMPO, na hesabu yake haina kanuni moja. Kila kiwanda kinajipangia. Namba ya maana ni ile inayoandikwa RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, na mara nyingi haizidi namba ya kibandiko cha nyuma.

Kwa hiyo mwenye bajeti ya kawaida asiingie Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi akitafuta wati. Atafute spika mbili za kawaida zisizo na umeme ndani, amplifaya ndogo ya kuziendesha, na abakize fedha kwa ajili ya chumba. Kwa laki tano za Tanzania, au kama elfu 25 za Kenya, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: spika 270,000, amplifaya 110,000, waya, jeki na kilinda umeme 50,000, zulia, pazia na vituo vya kuwekea spika 70,000. Ukiwa na laki mbili tu, punguza kila fungu kwa uwiano huohuo na ununue mtumba. Ukiwa na zaidi, ziada iende kwenye spika. Amplifaya mbili nzima zikipigwa kwa sauti ya kawaida ni vigumu kuzitofautisha, lakini tofauti ya spika na spika huisikia hata mtu aliyepita barazani.

Spika: tazama kabla ya kusikiliza

Kwa fungu hilo, spika ndogo za mezani za mtumba kutoka Uingereza au Ujapani kwa kawaida zitaishinda seti mpya ya plastiki. Majina kama Wharfedale, Mission, Tannoy au KEF yakionekana kwenye rundo, simama. Unachotaka ni boksi la mbao za kusagwa linalolia "du" ukiligonga kwa kidole, si "tang'". Wufa, ile kubwa ya besi, iwe ya inchi 5 hadi 6.5, tweeta, ile ndogo ya sauti za juu, ya inchi 1, na nyuma pameandikwa ohm 6 au 8, kipimo cha ukinzani wa spika. Spika za ohm 4 si mbaya, ila zinabana uchaguzi wa amplifaya. Spika za redio ndogo za Kijapani huwa na ohm 3 au 4, na amplifaya nyingi za zamani zitapata joto zikiziendesha.

Ondoa kitambaa cha mbele. Angalia ule ukingo laini unaozunguka wufa. Ukiwa wa sponji, uguse taratibu kwa ncha ya kidole: sponji iliyochoka hubaki kidoleni kama unga mweusi, na joto na unyevu wa pwani huiharakisha. Spika ya namna hiyo haijafa, kwa kuwa fundi anaweza kubandika ukingo mpya, lakini bei ishuke hadi nusu. Ukingo wa raba hudumu zaidi. Kisha weka vidole vinne kuzunguka katikati ya wufa, sukuma ndani milimita 3 au 4 kwa usawa, uachie. Ikikwaruza, koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, imepinda au imeungua, iache hapohapo.

Beba multimita, mita ya fundi ya kupimia umeme. Spika ya ohm 8 ikipimwa itasoma kati ya ohm 5.5 na 7, ya ohm 4 itasoma 3 hadi 3.6. Mita isiposoma kitu, koili au waya wa ndani umekatika. Ikisoma chini ya ohm 2, koili imeungana. Mbili za jozi zisipishane zaidi ya nusu ohm hivi. Zikipishana sana, mojawapo imeshabadilishwa wufa na muuzaji hatakwambia.

Baada ya hapo ndipo usikilize. Sogeza sikio karibu na kila tweeta, kwa sauti ndogo. Tweeta iliyokufa haigunduliki kwa mbali kwa sababu wufa inaificha, na zile spika ndefu za bei rahisi zenye "spika nne" kila upande mara nyingi mbili kati ya hizo ni pambo la plastiki lisilo na waya. Piga taarab ya okestra kamili: fidla na kanuni zitakuonyesha kama sauti za juu ni safi au zinachoma. Kisha piga dansi la zamani, ufuatilie gitaa la besi peke yake. Kwenye spika nzuri unaweza kuimba mstari wake wote, noti kwa noti. Kwenye mbaya unasikia "bu-bu-bu" ya noti moja.

Amplifaya: wati chache, za kweli

Spika nyingi za mezani zina usikivu wa desibeli 86 hadi 88, yaani ukiipa moja wati 1 na kukaa mita 1 mbele yake, hicho ndicho kiwango kinachotoka. Katika sebule ya kawaida, spika mbili za desibeli 87 zikipewa wati 1 kila moja, nawe umekaa mita 3, kinachokufikia ni kama desibeli 84. Hapo tayari mnapaza sauti ili msikilizane. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu: wati 2 ni 87, wati 4 ni 90, wati 8 ni 93, wati 16 ni 96, na jirani ameshagonga mlango. Akiba inahitajika kwa ajili ya ngoma zinazopiga ghafla, hivyo wati 20 hadi 50 za kweli kwa kila upande zinatosha sebule yoyote ya nyumba ya kupanga.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni amplifaya ndogo mpya inayotoshea kiganjani, iliyojengwa kwa chipu kama TPA3116. Usambazaji wake wa umeme ni wa nje: ukitumia chaja ya laptop ya volti 19 na ampea 3.42, unapata karibu wati 20 kwa kila spika ya ohm 8. Ukiipa volti 24 na ampea 4 au 5, unafika kama 30. Chipu hiyo mwisho wake ni volti 26, usijaribu zaidi. Ina kosa moja linaloiua kila siku: fundi anapitisha nyaya tatu badala ya nne, akiunganisha hasi za spika mbili pamoja kama alivyozoea kwenye redio za zamani. Kwenye chipu hii hasi ya spika si ardhi, nayo ina umeme wake. Kila spika ipate nyaya zake mbili, mwanzo hadi mwisho.

Njia ya pili ni risiva ya mtumba. Ni nzito, inapendeza, ina redio ndani, na ina mtego wa volti. Kifaa kilichotengenezewa soko la Ujapani ni cha volti 100, cha Marekani ni 120. Ukikichomeka kwenye 230 za Tanzania au 240 za Kenya kinaweza kuungua papo hapo. Soma nyuma kabla ya kulipa. Baadhi zina kitufe cha kuchagua volti. Zisizo nacho zinahitaji transfoma ya kushusha. Kibandiko kikisema kifaa kinavuta wati 200, nunua transfoma ya 500, maana wati zinazoandikwa juu ya transfoma nazo zina chumvi. Na kwa kifaa cha volti 100 tafuta transfoma inayotoa 100. Ile ya 110 itakiendesha, lakini kikiwa na joto zaidi ya alivyokusudia mtengenezaji.

Ukiiwasha risiva nzima, utasikia "tik" baada ya sekunde chache: hiyo ni relei inayoziunga spika baada ya kujihakikishia kwamba hali ni salama. Isipolia, kuna hitilafu ndani. Hata ikilia, weka multimita kwenye volti za DC na upime matundu ya spika bila spika kuungwa. Chini ya millivolti 50 ni sawa. Zaidi ya 100 iache, ni dalili ya hitilafu ndani. Kitufe cha sauti kikikwaruza ukikizungusha si ugonjwa mkubwa, dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi inatosha.

Jambo la watu wengi kushangaa: tweeta huungua zaidi kwa amplifaya ndogo iliyokamuliwa kuliko kwa kubwa iliyotulia. Amplifaya ikiishiwa nguvu, mawimbi hukatwa vichwa, na vile vichwa vilivyokatwa huzaa sauti kali za juu zisizokuwamo kwenye wimbo, zote zikaishia kwenye tweeta. Ukisikia sauti inaanza kupasuka, rudisha nyuma palepale.

Chumba ndicho nusu ya mashine

Sebule zetu nyingi ni tofali za saruji zilizopigwa plasta, vigae sakafuni, madirisha makubwa ya kioo na sofa za ngozi bandia. Kila kitu humo kinarudisha sauti. Simama mahali unapokaa, piga kofi moja la nguvu. Ukisikia mkia wa "trrr" baada ya kofi, huo mkia upo pia kwenye kila neno la mwimbaji, na hakuna amplifaya itakayouondoa.

Kinachosaidia ni kitu kinene na laini. Zulia zito la mita 2 kwa 3 kati ya spika na kiti ndilo la kwanza. Mkeka ni mwembamba mno. Pazia zito lenye mikunjo, upana wake mara mbili ya dirisha, ni la pili. Kabati la vitabu lililojaa ovyo ukuta wa nyuma hutawanya kinachobaki. Trei za mayai ukutani hazisaidii: zinagusa kidogo sauti za juu kabisa, besi inapita kama hazipo, na mende wanapata makazi.

Sasa mahali pa kuweka spika. Hapa hakuna gharama, na hapa ndipo mabadiliko makubwa hutokea. Ziweke umbali wa mita 1.8 hadi 2.2 moja kwa nyingine, na kiti chako kiwe mbali nazo kiasi hichohicho au kuzidi kidogo. Spika ya kushoto na ya kulia ziwe na umbali sawa kutoka kuta zake za pembeni. Moja ikiwa kwenye kona na nyingine mlangoni, besi italemea upande mmoja. Spika yenye tundu nyuma iache sentimeta 20 hadi 40 kutoka ukutani. Ukiigandisha ukutani besi inavimba, ukiivuta mbali sana inakonda. Sogeza sentimeta 5, sikiliza, sogeza tena. Zigeuze kidogo kukuelekea.

Tweeta iwe karibu na usawa wa sikio, ambalo kwenye sofa huwa kama sentimeta 95 kutoka chini. Vituo vya chuma ni ghali. Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9 kwa 6 likilazwa ni sentimeta 15, na jingine likisimamishwa juu yake ni 45: jumla 60. Fundi ayaunge kwa saruji, apige plasta nyembamba, upake rangi ya ukuta. Boksi la spika la sentimeta 30 juu yake litaiweka tweeta kwenye 85 hivi. Kipande cha mbao cha sentimeta 1 chini ya ukingo wa mbele kitaiinua ikutazame. Bandika spika kwa vipande vinne vya ule udongo wa kubandikia picha, isianguke mtoto akipita mbio. Kituo kizito kiasi hicho hakitikisiki, na besi husikika safi zaidi kuliko juu ya meza ya TV ya kioo inayolia yenyewe.

Na usikae umeegemea ukuta. Kila chumba kina noti zake za besi zinazovimba. Chumba cha urefu wa mita 4 huvimbisha karibu 43 Hz, kwa sababu wimbi hilo lina mita 8 na nusu yake inatoshea ukuta hadi ukuta, na mvimbo huo hukusanyika hasa kutani. Vuta sofa mbele nusu mita, utashangaa besi ilivyonyooka.

Kuunga

Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha. Mita 5 za waya huo, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa kama ohm 0.12, kitu ambacho spika ya ohm 8 haikihisi. Waya wa spika wa bei rahisi mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba: kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiwa mweupe ndani, nunua mnene zaidi au uuache. Waya maalumu wa bei ya kutisha hauongezi chochote.

Zima kila kitu kwanza. Menya sentimeta 1, sokota nyuzi zikaze, hakikisha hakuna hata uzi mmoja unaogusa tundu la jirani, maana uzi huo mmoja ndio unaoiua amplifaya. Nyekundu iende nyekundu, nyeusi nyeusi, kwa spika zote mbili. Ikiwa rangi zimefutika, ondoa nyaya kwenye amplifaya na ugusishe betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu: wufa itaruka nje au ndani. Muhimu ni zote mbili ziruke upande mmoja kwa mguso uleule. Kukatika kwa umeme si hatari kama kurudi kwake, kwa hiyo amplifaya ikae nyuma ya kile kifaa cha kulinda TV au friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme.

Simu ikiwa ndiyo chanzo, Bluetooth inatosha kuanzia. Pandisha sauti ya simu karibu na mwisho, kisha urekebishe kwenye amplifaya. Ukifanya kinyume utavuta na mvumo. Simu isiyo na tundu la 3.5 mm inahitaji kigeuzi cha USB-C chenye chipu ya sauti ndani, vile vitupu vya bei ya chini kabisa havifanyi kazi kwenye simu nyingi. Na angalia unachopiga. Sauti iliyotolewa kwenye video iliyozunguka WhatsApp haina cha kuokolewa. Ukisikiliza mtandaoni kwa ubora wa 320 kbps unatumia kama MB 144 kwa saa, kwa 128 kbps kama 58. Wenye bando dogo wapakue nyimbo kwa ubora wa juu wakiwa kwenye Wi-Fi.

Sabufa iongezwe baadaye, kama bado unaihitaji. Ikate kwenye 80 Hz, yaani ipige besi za chini ya hapo tu. Kuipatia mahali, iweke juu ya kiti chako, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha utambae kando ya kuta. Pale ambapo noti zote zinasikika sawa ndipo pa kuiweka.

Ikileta shida

Sauti ipo lakini besi imepotea na mwimbaji hajulikani alipo: spika moja imegeuzwa nyaya. Geuza upande mmoja tu. Ukiwa sawa, sauti ya mwimbaji inasimama katikati, pasipo na spika.

Mvumo wa "mmm" usiokoma: chomoa waya wa antena au dishi nyuma ya TV au king'amuzi. Ukinyamaza, umeme wa ardhi unazunguka kati ya vifaa. Unga TV kwa waya wa mwanga (optical) badala ya ule wa shaba, ukipitia kigeuzi kidogo kama amplifaya haina tundu lake. Usikate pini ya ardhi ya plagi. Mvumo ukija tu mnapotumia inveta ya sola, inveta hiyo haitoi wimbi laini, na dawa ni kuibadilisha.

TV imeungwa kwa waya wa mwanga, taa nyekundu inaonekana, lakini kimya kabisa: ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, badilisha kutoka Dolby au "auto" kwenda PCM. Kigeuzi kidogo hakielewi Dolby.

Upande mmoja umekufa: badilishana nyaya za spika nyuma ya amplifaya, kushoto kwenda kulia. Ukimya ukihama, spika ni nzima, tatizo lipo kwenye amplifaya au huko nyuma. Rudisha nyaya, kisha ubadilishane nyekundu na nyeupe zinazotoka kwenye chanzo. Ukihama tena, chanzo au waya wake ndio mbovu. Usipohama, ipeleke amplifaya kwa fundi, na umwambie hasa ulichobadilisha na kilichotokea. Atakuwa ameokoa nusu saa, na bei unaweza kuibishana.